Verlene Stallworth Alimfukuza Bintiye Kwenye Unga

Saa kumi na moja alfajiri, taa moja tu inawaka kwenye barabara kuu ya Tarrant Bluff, Alabama, nayo ni ya jikoni mwa mgahawa.

Verlene Stallworth, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, anachimba shimo katikati ya unga kwa ngumi. Anatia mafuta ya nguruwe, anayasugua kwa ncha za vidole, kisha anamimina mtindi baridi. Hapimi. Mkono mmoja unazunguka polepole, unga unaporomoka wenyewe kutoka kandokando ya bakuli, mpaka donge linapoanza kushikana. Hapo anaacha. Ukizidisha kidogo tu, umeliharibu.

Analikunja, analibonyeza, analikata kwa kopo, moja kwa moja kwenda chini.

“Usizungushe kopo,” anasema bila kuinua macho. “Ukizungusha, biskuti inanuna. Haiinuki.”

Biskuti yenyewe si zile tamu za kwenye pakiti. Ya huku Kusini mwa Marekani ni kimkate kinono, chenye tabaka, kinachopasuliwa kwa vidole kikifuka moshi na kumwagiwa mchuzi mzito wa soseji. Watu wanaendesha gari kutoka wilaya ya pili kuja kuzila hizi.

Jua likichomoza, Cleophus Tarver, dereva wa lori la magogo, anaegemea dirisha la jikoni.

“Bi Verlene, leo umetia nini humu? Nimekula nne na bado natafuta dhambi ya tano.”

“Kula unyamaze, Tarver. Mkeo ananiambia nyumbani hata kijiko hukioshi.”

“Mke wangu hajui kupika biskuti. Akijua, nitaosha hata paa.”

Wanacheka. Lakini vidole vya Verlene vimevimba kwenye viungo. Asubuhi za baridi lazima avichovye kwenye maji ya moto kwanza ndipo vikunjike. Mwenye mgahawa, wa tatu tangu aanze kazi hapa, amemwambia kwamba kuanzia Januari biskuti zitaletwa zimegandishwa, kwenye maboksi. Picha ya Verlene itabaki ukutani. Miaka arobaini na moja jikoni, dola tisa na nusu kwa saa, na kitakachobaki ni picha.

Mji huu una tabia hiyo. Mama yake Verlene, Essie, alipika biskuti hizihizi katika jengo hilihili, enzi ambazo, kwa kuwa mweusi, aliingia kwa mlango wa nyuma na hakuruhusiwa kukaa mezani kuzila. Watoto wa Kizungu wa miaka sita walimwita “Essie” kavukavu, yeye akiwajibu “ndiyo, bwana”. Leo wapo wanaosimulia kwamba zamani hapa wote walikula pamoja. Waulizwe Essie alikaa kiti kipi.

Hayo ndiyo yaliyomfanya Verlene aape kwamba kazi ya unga itaishia kwake.

Binti yake wa pekee, Katrice, alikuwa na miaka tisa. Jumapili moja kabla ya kanisa alipanda juu ya kreti, akatumbukiza mikono bakulini, akalikanda donge kwa nguvu zote kama anayefua jinzi. Verlene alimpokonya.

“Nilimwambia, ‘Toka hapa. Kasome. Mikono yako haikuumbiwa unga wa watu,’” anakumbuka. “Alilia. Nikaona nimemwokoa.”

Katrice alitii. Alisoma, akaenda Atlanta, ana kazi nzuri katika kampuni ya bima na ofisi yenye mlango wake mwenyewe. Hakurudi tena kwenye bakuli.

Sikukuu ya Shukrani iliyopita alikuja na biskuti za kopo, zile za donge la kiwandani, unagonga kopo kwenye meza linapasuka, unaoka tu. Akazipanga kwenye sahani ya bibi yake.

“Nilikula mbili,” anasema Verlene. “Mimi ndiye niliyemfunza kutokujua.”

Anapangusa meza ambayo tayari ni safi.

“Mama yangu hakuniacha na shamba wala nyumba. Aliniacha na kimkate hiki. Nikakitupa, kwa sababu waliomdharau ndio waliokuwa wanakila. Kumbe ningewakasirikia wao, si unga.”

Wiki hii alijikaza akapiga simu. Aliiweka mezani kwa sauti ya juu, kwa kuwa vidole vinamsumbua kuishika.

“Katrice, mwanangu, njoo Jumamosi. Nataka kukuonyesha biskuti.”

“Mama, si ulinifukuza?”

“Nilikufukuza.”

“Nina miaka arobaini na sita. Nimekuwa nanunua za kopo na kuona aibu dukani kama ninaiba.”

“Najua, mama. Nilikosea.”

“Nije na nini?”

“Njoo na njaa.”

“Na nikizikanda vibaya? Maana utanipokonya. Nakujua wewe. Huwezi kujizuia.”

Verlene alijitazama mikono, ile iliyolisha nusu ya wilaya kabla ya kulisha nyumbani kwake.

Mpango wake sasa ni huu. Jumamosi, bakuli litawekwa mbele ya Katrice. Verlene mwenyewe atavuta kiti upande wa pili wa meza, mbali na unga, na hatasimama.

“Nitasema kwa mdomo tu,” anasema. “Akilikanda kupita kiasi, alikande. Zikitoka ngumu kama jiwe, nitaipasua yangu kwa kisu, nipake jamu ya tini, niile yote mbele yake. Halafu nitamwambia, ‘Haya, mama, tuanze tena.’”