Maziwa ya Bosibori Niliyoyamwaga

Hili sijawahi kulisema, jamani. Miaka ya sabini, kule Nyansiongo, nilikuwa mwanamke pekee aliyepima maziwa kwenye ushirika wetu. Nilisoma hadi darasa la tatu tu, na wanaume walinisalimu kwa mbali. Aliyekaa nami tukanywa uji ni Bosibori peke yake, mjane mwenye ng'ombe mmoja.

Asubuhi moja nilichota maziwa kwa bilauri mbili, ya Bosibori na ya Omogaka Onchari, mzee wa kanisa. Kipimo, kile kinachozama zaidi maziwa yakitiwa maji, kikazama kwenye ya Onchari. Yana maji! Nikapima tena, kikazama tena. Nikajiambia, mzee wa kanisa hawezi. Wewe wa darasa la tatu umechanganya bilauri. Mwenye shida ndiye huongeza maji.

Basi nikamwaga mkebe mzima wa Bosibori kwenye nyasi, watu wakiona.

"Mama Nyaboke," akasema, "hata wewe?"

"Kipimo hakidanganyi," nikamjibu, tena kwa sauti. Mjinga mimi!

Papo hapo Onchari akarudi mbio, kofia mkononi. "Mama Nyaboke, ngoja! Binti yangu Kerubo alisuuza mkebe, akasahau kumwaga maji. Maziwa yangu usipokee."

Foleni nzima ikanigeukia. Bosibori akaokota mkebe wake mtupu, akanisogelea.

"Niambie ukweli. Uliyaona hayo maji?"

Nilikuwa nimeyaona. Mara mbili.