Kisima cha Nyuma ya Kituo cha Mafuta

Siku ya kwanza kazini nilipewa mabuti, glavu na kamba, kisha nikaambiwa siku za kuchota maji ya kupimwa nisijipake mafuta mwilini. Mwanamke wa Bariadi, kiangazi kikali, ngozi imepauka, unamwambia asijipake mafuta! Nikacheka. Mkuu wangu wa kwanza, Fundi Sanifu wa Maji Bwana Shija, hakucheka.

"Mayu Nkwimba," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, "mafuta ya mkono wako yakiingia kwenye chupa, maabara itasema yametoka ardhini."

Basi nikaenda nimepauka hivyohivyo, majirani wakanisema mpaka wakachoka.

Wajukuu zangu, mnaofanya kazi hii sasa, sikieni tulivyoianza. Kituo cha mafuta cha mtaani kwetu kilikuwa kimeshafungwa, lakini matangi yake ya chini ya ardhi yalikuwa yametobolewa na kutu. Petroli ilivuja kwenye udongo, ikashuka mpaka kwenye maji ya kisima chetu. Tulikichota wote: mama Holo, Minza wa mashine ya kusaga, na Ngolo shemeji yangu. Ukiinua kata unywe, unanusa pikipiki. Ofisi ya maji ikakifunga kwa mfuniko wa chuma na kufuli. Matangi yakafukuliwa, udongo mchafu ukasombwa, ikabaki kupima na kungoja. Tukaambiwa wazi: maji yakisafika, kisima kitafunguliwa. Mradi ukiisha bado machafu, kitafukiwa, na sisi turudi kutafuta maji kwa kufukua mchanga wa mtoni.

Palisimikwa visima vya uchunguzi, ndiyo mabomba membamba yenye matundu, kuzunguka kituo chote. Bwana Shija alinifundisha kwamba maji yaliyolala ndani ya bomba hayapimwi. Unayachota kwanza, unayamwaga kwenye pipa la taka, unangoja maji mapya yaingie kutoka kwenye udongo. Hayo ndiyo unajazia chupa mpaka mdomoni, usiache hata povu la hewa, maana petroli hutoroka kama mvuke. Chupa inakaa kwenye boksi la barafu, inapanda basi kwenda maabara Mwanza.

Kumwaga maji kiangazi! Ngolo alikuja kunisimamia, mikono kiunoni.

"Wewe Nkwimba, umeajiriwa kumwaga maji? Lete huku ninyweshe ndama."

"Ndama wako atawaka moto, shemeji."

"Afadhali awake kuliko afe kiu!"

Sikumpa. Alininunia mpaka mvua.

Bwana Shija alihamishwa, akaja Mhandisi Limi, binti mpole asiyependa haraka. Wakati wake mabomba yalianza kusafika, moja baada ya jingine. Ikabaki sampuli ya mwisho, ya kisima chenyewe. Mtaa mzima ulijua. Majibu yakarudi: maji yana mafuta.

Mhandisi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Mayu, ripoti ikienda hivi, kinafukiwa. Lakini kuna jambo silielewi. Maabara wanasema haya si petroli, ni mafuta mazito zaidi."

Tukaenda kuchota tena. Mlinzi, mzee Masanja, alitufungulia. Kufuli likafunguka laini, kama la dukani. Mhandisi akalishika, akanusa vidole.

"Baba Masanja, hili kufuli si lilikuwa linakwama?"

"Lilikuwa linakwama kweli," akajibu kwa fahari. "Nikalitilia mafuta ya taa. Na bawaba za mfuniko nikazimwagia ya kutosha, msihangaike."

Kwetu kufuli lenye kutu dawa yake ni hiyo. Hata mimi nyumbani nafanya hivyo.

"Baba, umetuponza!" nikapiga kelele.

"Nimewaponza nini? Si limefunguka?"

Mhandisi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku hiyohiyo mfuniko uling'olewa, ukasuguliwa kwa sabuni mbali na kisima. Tukaleta pampu, tukatoa maji mengi, tukakiacha kijijaze upya, tukatoa tena, mpaka Mhandisi aliporidhika. Ndipo nikajaza chupa mpya. Mzee Masanja alishinda pale na fimbo, akifukuza kila aliyepita na kidumu. "Rudi nyuma! Hapa hata kibatari hakipiti!"

Majibu yalipokuja, Mhandisi alipiga simu kutoka ofisini. Sikusikia maneno yote, maana Minza alikuwa ameshaanza vigelegele. Maji ni safi. Mfuniko ukafunguliwa mbele ya mtaa mzima, Ngolo akatusukuma wote, akachota wa kwanza, akanywa kata nzima bila kupumua.

Nimestaafu sasa. Nikisikia sampuli imekataa, sisemi eneo limeshindikana. Nauliza: nani aligusa nini, na alikuwa anataka kumsaidia nani? Tulifika tulikofika kwa kuuliza hivyo, na kwa kungoja.

Kisima kinachotwa mpaka leo, foleni tangu asubuhi. Wakwe zangu wananilalamikia kwamba maji yana chumvi. Nawaambia chumvi ni ya ardhi ya Bariadi, tumeikuta. Petroli haimo.