Hijabu Iliyofuliwa kwa Ndimu

Harufu ya ndimu ikichanganyika na ya yai viza si kitu ambacho mtu mwenye akili timamu angekitamani. Mimi hukitamani. Nikiipata harufu hiyo, narudi papo hapo Mjimwema, Songea, uani kwetu, mwezi wa saba, karai la maji likiwa mbele yangu, nami nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja na kosa la kumtosha mtu mzima. Mwezi wa saba Songea ina baridi ya kung'ata masikio, na ndiyo maana, niseme ukweli mapema, kitu cha kwanza nilichokipenda kwenye hijabu hakikuwa dini. Ni joto. Wenzangu walikwenda shule wameziba masikio kwa viganja, mimi nikitembea nimetulia kama chai ndani ya chupa. Konsolata, rafiki yangu wa nyumba ya pili, Mngoni na Mkatoliki tangu tumboni, aliniomba tuivae kwa zamu, yeye nusu njia na mimi nusu njia. Tulifanya hivyo wiki nzima, mpaka mwalimu wa zamu akamwita yeye Zuhura na mimi akaniita Konsolata, tukaona tuache kabla mambo hayajafika kwa wazazi. Chini ya hijabu ile karanga za kukaanga nazo zilifika darasani salama, jambo ambalo naomba wanangu wasilisome.

Mwaka huo ustadhi wetu wa madrasa alinichagua niwe mwanzilishi wa kaswida siku ya Maulidi. Kwangu ilikuwa kama kupewa mji. Ningesimama mbele ya wasichana wote, mbele ya wazazi na wageni, nianze peke yangu ndipo wengine waitikie. Masharti yalikuwa mawili: sauti isitetemeke, na hijabu iwe nyeupe pe. "Asiye na nyeupe atakaa nyuma na akina mama wanaonyonyesha," alisema ustadhi, naye hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Habari zilimfikia bibi yangu, mama yake mama, huko Tunduru. Bibi alikuwa na sanduku la bati, na ndani yake bafta aliyoiweka miaka mingi iwe sanda yake, kama walivyofanya wazee wengi wa umri wake. Akaikata kipande, akanishonea hijabu kwa mkono wake na kumpa abiria wa basi ailete, pamoja na salamu kwamba yeye mwenyewe angekuja kuniona nimeivaa. "Mwambieni mke mwenzangu nimempunguzia sanda yangu," ndivyo salamu zilivyosema, maana bibi aliniita mke mwenzake tangu nizaliwe. "Mauti yakija mapema yatasubiri nikanunue nyingine." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliipokea kwa mikono miwili, na nilipoikunjua moyo ukaingia baridi. Bafta ilikuwa imekaa sandukuni mpaka ikapiga rangi ya manjano. Wenzangu wote walikuwa wamenunuliwa hijabu za dukani, zinazometa.

Ijumaa, mama alikwenda kwa akina mama wenzake kuchambua mchele wa pilau, nikabaki na hijabu, karai na paketi ya bluu. Walio vijana huenda hawaijui bluu. Ni ule unga uliotiwa kwenye maji ya kusuuzia ili nguo nyeupe zing'ae. Uliufunga kidogo tu kwenye kitambaa, ukakitikisa majini, ukakitoa. Nilimwona mama akifanya hivyo mara mia. Lakini nilijiambia kwamba kama kidogo kinang'arisha, paketi nzima itafanya maajabu. Nikaimwaga yote, tena juu ya nguo yenyewe. Tamaa mbele, mauti nyuma. Nilipoinua hijabu kutoka kwenye karai, ilikuwa na mabaka ya buluu kama ramani ya ziwa, na kadiri nilivyoisuuza ndivyo ramani ilivyozidi kupanuka.

Nililia kwa sauti, sifichi. Niliiona nafasi yangu ya mbele imekwenda, na zaidi ya hapo nilimwona bibi akishuka kwenye basi na kukuta sanda yake imegeuka sare ya shule. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama alikuwa mbali na bibi mbali zaidi. Aliyenisikia ni mama yake Konsolata, akaja na unga wa ugali mikononi.

"Shikamoo mama," nikasema katikati ya kwikwi.

"Marahaba. Ee Yesu wangu! Zuhura, hii umefua au umepaka rangi ya nyumba?"

Mama Konsolata ndiye aliyefua vitambaa vya altare vya parokia yao, na kumbe hata yeye ujanani bluu iliwahi kumponyoka hivyo hivyo, juu ya kitambaa cha Pasaka. Alimtuma Konsolata akalete ndimu, akazikamua kumi na moja kwenye maji ya uvuguvugu, akazamisha hijabu. Hapo ndipo ilipotoka ile harufu ya yai viza, nasi wasichana tukakimbia tumeshika pua. "Rudini hapa!" akatuita. "Hiyo ndiyo bluu inaaga." Akasuuza, akakamua ndimu nyingine, akaianika. Ilipokauka ilikuwa nyeupe, kwa kweli nyeupe, hata ule umanjano wa sandukuni haukuwepo, ila kwenye bega la kushoto palisalia baka hafifu la ukubwa wa jani la maharage. Palikataa katakata.

Kesho yake, siku yenyewe ya Maulidi, basi la Tunduru lilikuwa halijafika na mama alikuwa kwenye masufuria tangu alfajiri. Mama Konsolata akanipigia pasi, kisha akanifunga. Hakuwa amewahi kumfunga mtu hijabu. Alichomeka pini, akachomoa, akachomeka tena, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. "Unameza mate? Sema kitu nisikie sauti. Haya, cheka." Mikono yake bado ilinuka ndimu. Aliporidhika akainua kidole gumba, akakileta kwenye paji la uso wangu kunichorea msalaba kama alivyomfanyia Konsolata kila asubuhi. Akakumbuka kidole kikiwa njiani, akaangua kicheko, akanipiga kofi dogo la shavu badala yake. "Nenda mwanangu. Usitetemeke."

Sikutetemeka. Ustadhi aliliangalia baka, akaniangalia mimi, akakohoa, akasema, "Anza." Nilikuwa ubeti wa pili bibi alipoingia na kikapu chake, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, na macho yake yakaenda moja kwa moja begani kwangu. Baada ya dua aliishika nguo, akainusa. "Mke mwenzangu, sanda yangu uliipeleka wapi?" Nikamweleza yote. Alicheka hadi machozi. "Yaani imetangulia kuoga parokiani, mimi mwenyewe nimebaki!" Jioni ile alimpelekea Mama Konsolata mfuko wa korosho, wakakaa wawili hao mpaka karibu na magharibi wakizungumzia madoa. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sanda nyingine aliinunua.

Siku hizi sabuni ina kila kitu ndani yake na bluu siioni madukani. Binti yangu ana hijabu kumi na mbili za kuvuta, anaingiza kichwa kama anavaa fulana, hahitaji pini wala mtu. Anapendeza, nami nafurahi, ingawa namwonea huruma kidogo. Mimi bado natumia pini. Zipo siku za joto nilizoivaa hijabu nikinung'unika, na zipo nyingi zaidi nilizoivaa kwa raha. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mwaka huu, kwenye semina hapa mjini, mgeni mmoja mpole kabisa aliniuliza tukinywa chai, "Samahani dada, hivi hiyo hijabu, mara ya kwanza nani alikuvalisha?" Nilielewa anatafuta nini. Alitegemea nitamtaja baba, au ustadhi, au mume. Nikamwambia ukweli: ya shule nilijitupia mwenyewe, lakini wa kwanza kunifunga ni mama mmoja Mkatoliki, mfuaji wa vitambaa vya altare, na mikono yake ilinuka ndimu. Akacheka, akidhani namtania. Jioni nilipita Mjimwema, nikamwamkia Mama Konsolata, nikamsimulia. Macho yake hayaoni vizuri tena. Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaipata pini, akaichomoa na kuichomeka upya.

"Bado unaifunga vibaya," akasema.