Choo cha Wanawake Uwanjani

Leo hapa Bukoba mvua imelowesha rundo la majani makavu ya migomba, na harufu yake imenirudisha Nshamba, kwenye uwanja wa timu yetu ndogo.

Mama aliipenda sana ile timu, lakini uwanjani hapakuwa na choo cha wanawake, na wengi waliondoka kabla ya mapumziko. Alipomweleza mwenyekiti wa timu, yule mzee alicheka. "Kwani mnakuja kutazama mpira au kujisaidia?"

Wiki nzima, akitoka shambani, mama alichimba shimo mwenyewe. Mimi nilimsogezea majani ya migomba, naye akayafunga kwenye miti yakawa kuta. Mlango ulitushinda.

Siku ya mechi alisimama pale akishikilia kanga yake kuwa pazia, mmoja akitoka, mwingine akiingia. "Kasinge, mama," walimshukuru. Foleni haikuisha. Mara uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe, na mama alikuwa ameupa mgongo.

"Nani amefunga?" aliniuliza.

"Sisi, mama."

"Vizuri," alisema kwa sauti ya uchovu, akaihamishia kanga mkono wa pili.