Zabibu Inayokamata Ulimi

Mama Adelaïde wa Karuba, kwenye vilima vya Masisi, hakuwa mtu wa kuomba ruhusa mara mbili. Mumewe alipofariki, mwaka 1961, shemeji yake Séraphin alianza kukatiza shambani mwake kama mtu aliye kwake. Mila ilimpa kiburi: mjane hulima maharagi, hapandi mti, maana mwenye mti ndiye mwenye udongo. Na Adelaïde alikuwa amepanda mti.

Tena mti gani. Mzabibu mweusi uitwao Tannat, uliotoka kwa madame Françoise, mke wa mkoloni mmoja wa upande wa Mushaki. Adelaïde alimpogolea mizabibu miaka sita, na Madame alipofunga mizigo kurudi kwao mwaka 1960 alimwachia vijiti vitatu. Madame alisema asili yake ni kusini mwa Ufaransa, chini ya milima ya kwao, nayo ni zabibu jeuri: ngozi nene, divai nyeusi inayomkausha ulimi asiyeizoea. Mvua za Masisi ziliozesha zabibu nyingine zote za Madame. Hii ilikataa, na Adelaïde akaipenda kwa ukaidi huo.

Baada ya mavuno yake ya kwanza, Séraphin alikuja na panga na wazee wawili, Pierre na Léonard, wawe mashahidi.

"Shemeki, hii muti tunakata leo. Iko ya bazungu, na weye uko mwanamuke."

Adelaïde aliwaonyesha mahali pa kukaa, kando ya mzabibu.

"Mumetoka mbali. Mukunywe kwanza."

Akaleta kibuyu cha divai ya mavuno hayo. Hakuwa ameikamua kwa majani kama pombe ya ndizi. Aliiacha ichachuke na ngozi zake, kwani ukali na rangi vinakaa humo. Alionja yeye kwanza, kama desturi, wajue haina sumu. Séraphin alitegemea utamu wa kasiksi, pombe ya ndizi aliyoizoea, akagugumia nusu kata. Mdomo ukamkunjamana, ulimi ukashikwa.

"Iko nini hii?"

"Iko pombe ya shamba yangu. Umeikunywa mbele ya bazee."

Mzee Pierre aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Kwenye vilima vile, ukikaa juu ya udongo wenye ugomvi ukanywa pombe ya mavuno yake kutoka mkononi mwa mlimaji, umekubali ni wake. Séraphin aliijua sheria hiyo vizuri kuliko wote; ndiyo aliyomnyang'anyia jirani yake shamba la mihogo.

"Lakini haiko pombe ya ndizi," alisema kwa shida.

"Bazee betu hawakusema ndizi," Pierre alimjibu. "Balisema pombe."

Séraphin alimtazama Léonard. Léonard alikuwa ameinyoosha kata yake, akiomba nyingine.

Adelaïde aliijaza, kisha akamgeukia shemeji yake.

"Ukitaka ingine, rudia mwaka kesho. Lakini utapiga hodi."