Saksafoni Chini ya Kitanda Changu

Kwa miezi minne ya mwaka wa 1958 nililala juu ya saksafoni ambayo haikuwa yangu. Ilikuwa ya jirani yangu Macharia, mtu wa mashine ya kumenya kahawa katika shamba tulilofanyia kazi hapa Ruiru, na ilikaa kwangu kwa sababu mkewe Waithira alikuwa ameapa kwamba haitavuka mlango wake. Mimi sikupenda jazi. Sikupenda hata ule mkebe wake mweusi, uliokuwa ukinigonga kisigino kila nilipotandika kitanda. Lakini Macharia alikuja kuniomba kwa adabu, kofia mkononi, na mtu akinivulia kofia huwa nashindwa kumkatalia.

Alikuwa mrefu, mpole, mwenye harufu ya maganda ya kahawa hata siku ya Jumapili. Katika vita vya Hitla alifika hadi Seloni, kule upande wa Uhindi. Wenzake walirudi na mablanketi na saa za mkono, yeye akarudi na kelele kichwani, maana huko kambini kulikuwa na gramafoni na santuri za jazi, na alikuwa amezisikiliza mpaka akasahau kutafuta blanketi. Ilimchukua zaidi ya miaka kumi kupata saksafoni yake mwenyewe, kutoka kwa mzee mmoja wa bendi ya polisi aliyekuwa akistaafu. Siku alipoileta nyumbani, Waithira, ambaye alikuwa mwimbaji wa kwaya na mtu wa kanisa hasa, aliitazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia jikoni. Akasema hicho ni chombo cha vilabu vya pombe. Macharia akakipeleka kwenye banda la mashine, nyapara akakitupa nje, ndipo kikaja chini ya kitanda changu.

Mazoezi aliyafanya jioni, nyuma ya meza za kuanikia kahawa, pale pale sisi wanawake tulipokaa tukichagua punje mbovu. Msimu wa kahawa kwetu hauna huruma. Kuanzia Oktoba mpaka Krismasi tunachagua mpaka jua linazama. Na jioni zote hizo Macharia alipiga wimbo mmoja tu. Sehemu yake ilikuwa mwishoni: inapanda, inapanda, inasimama kidogo kama iliyosahau kitu, halafu inateremka polepole kama mama anayeshuka ngazi na karai la maji kichwani. Aliirudia mpaka nikawa nachagua kahawa kwa mwendo wake bila kupenda. Nilimwambia mara nyingi kwamba ananitia wazimu. Alikuwa anacheka, anairudia tena.

Waithira naye alipita pale kila jioni na ndoo, akienda kwenye tangi la maji, uso umekazwa, hatazami upande wa mumewe. Tulisema mama huyu ameziba masikio kwa imani.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa Githinji, mpiga gitaa wa kiwanda cha mananasi kule Thika, mkubwa wa bendi waliyoiita Chania Jazz, ambamo Macharia alikuwa amepiga dansini miaka mingi kwa saksafoni ya kuazima. Mwezi wa Novemba kampuni moja ya santuri ya Nairobi iliziita bendi za mashambani zije kurekodi. Santuri za mwaka zilikuwa zikitoka kwa wingi Desemba, watu wakiwa na sherehe na hamu ya kitu kipya, na redio nayo wakati huo hupenda kuchezesha vitu vipya. Macharia akaomba kibali cha kwenda Nairobi siku moja. Kibali kikatoka, na kabla hakijakauka wino shamba zima lilikuwa linajua kwamba Macharia atasikika redioni.

Waithira alingoja tujae kwenye tangi, wanawake kumi na zaidi, ndipo akamwambia mumewe neno lake.

"Baba Kagwe, mimi sitabishana na redio. Siku hiyo redio itakuimba, na mimi nikusikie kwa hii masikio yangu, hiyo kitu italala ndani ya nyumba. Nisipokusikia, Githinji aichukue akae nayo huko Thika. Na hakuna kurudi nyuma."

Macharia akasema sawa. Alisema mbele yetu sote, akitabasamu, kama mtu aliyekwisha kushinda.

Aliporudi kutoka Nairobi alikuja moja kwa moja kwangu. Akasukuma mkebe chini ya kitanda, halafu akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikampa chai. Ikapoa mkononi mwake.

"Mama Gachanja," akasema, "mimi nimeharibu."

Nikamwambia aeleze. Akaeleza. Fundi wa studio alikuwa amewaonya kwamba upande mmoja wa santuri hubeba dakika tatu tu. Ukutani kulikuwa na taa nyekundu. Ikiwaka, maana yake santuri inakaribia kujaa, na kila mtu amalizie upesi. Wote walielewa. Lakini Macharia alikuwa amejifunza kazi yake katika kumbi za dansi, na dansi za Thika zina desturi yake: saksafoni huja mwisho, na ikishaanza hakuna wa kuiharakisha. Mpigaji hufumba macho akaendelea mpaka wachezaji wenyewe wakae chini. Zamu yake ilipofika studio, Macharia akafumba macho. Alipoyafumbua taa ilikuwa imewaka zamani, Githinji anamkodolea macho, na fundi ameshainua mkono kukata. Aliomba warudie. Fundi akasema imetosha, ni nzuri, na kwenye ukumbi wa nje kuna bendi tatu nyingine zinangojea Krismasi yao.

"Sijui walikata wapi," Macharia akaniambia. "Labda niko ndani kidogo. Labda siko kabisa."

Aliniomba nisimwambie mtu, hasa Waithira. Nikanyamaza, na kunyamaza hakujawahi kuwa kazi yangu. Ukweli ni kwamba ilinipasa nifurahi, maana saksafoni ikienda Thika ningepata tena nafasi ya kuweka viazi vyangu. Sikufurahi. Kila nilipoinama kufagia na kuuona ule mkebe, nilimwonea huruma mwenye nao kama mwanangu.

Habari ya siku ya wimbo kuchezwa redioni ililetwa na Omar, muuza santuri wa karibu na stesheni. Omar alikuwa mtu wa Majengo, mnene, mcheshi, aliyekuwa na redio kubwa ya betri na aliyejua ratiba ya vipindi vyote kuliko watangazaji wenyewe. Akatuambia kwamba wiki ya kabla ya Krismasi redio imepunguza mambo ya kilimo na kuongeza nusu saa kwenye kipindi cha jazi cha Jumamosi, ili santuri mpya zote zisikike. Chania Jazz wamo. Saa kumi na nusu alasiri. Yeye mwenyewe ameagiza santuri yao dazeni mbili.

Jumamosi hiyo tulifunga kazi saa sita. Kufika saa kumi baraza la Omar lilikuwa limejaa, watu wamekaa juu ya magunia, watoto mbele. Macharia alivaa koti la vitani na alisimama peke yake karibu na nguzo. Waithira alikuja mwisho, kitabu cha nyimbo kwapani, akasema hakai, anapita tu kwenda mazoezi ya kwaya. Alisimama pembeni kabisa.

Redio ikaanza na jazi ya Wazungu, tarumbeta nyingi na haraka nyingi. Ikafuata rumba ya Kongo, watu wakatikisa mabega. Ikafuata bendi ya Mombasa, Omar akaisifu kuliko ilivyostahili. Mimi sikusikia hata moja vizuri. Nilikuwa namtazama Macharia, na Macharia alikuwa anatazama viatu vyake.

Halafu mtangazaji akataja Thika. Akataja Chania Jazz. Baraza likapiga makofi mpaka Omar akatunyamazisha kwa kidole.

Gitaa la Githinji likaingia, safi kabisa. Akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, na mimi nikaanza kujiuliza kwa nini mtu huyu ana beti nyingi hivi. Akaimba wa tatu. Hapo ndipo saksafoni ikaingia. Ilikuwa yeye, hakuna aliyeuliza. Ikapanda, ikapanda, ikafika pale inaposimama kama iliyosahau kitu, na pale pale santuri ikaisha. Mtangazaji akasema asante kwa ndugu zetu wa Thika, na sasa twende Kisumu.

Omar akapunguza sauti. Watoto walimtazama Macharia, naye alikuwa amegeuka upande wa barabara, shingo imemlegea. Nilitamani fundi yule wa studio awe karibu yangu nimwonyeshe kazi.

Ndipo nikasikia mtu anaimba kwa mdomo uliofungwa, kutoka pale pembeni. Alikuwa Waithira. Aliingia pale pale santuri ilipokatikia, akangoja ule muda wa kusahau, usiozidi wala kupungua, halafu akaiteremsha sauti polepole, ngazi kwa ngazi, bila kumwaga tone. Hakukosea hata mahali pamoja. Jioni zote zile za kupita na ndoo, uso umekazwa, mama huyu alikuwa anasikiliza. Sisi wachaguzi tukamfuata, maana nani kati yetu hakujua njia ile. Hata mimi niliimba, mimi niliyeichukia. Omar akapiga kaunta kwa viganja. Tulipofika chini kabisa, Waithira akafungua mdomo.

"Hapo ndiyo inaisha," akasema, kana kwamba anamsahihisha mtangazaji, akaenda zake kwenye kwaya.

Hakusema lolote kuhusu ahadi. Macharia alimsikia akiimba, lakini kama yeye alisikika kiasi cha kutosha, hilo hakuthubutu kuuliza. Siku nne alizunguka kama mshtakiwa. Jumatatu santuri zilifika kwa Omar, na kila aliyeinunua Ruiru alifanya vile vile: sindano ikifika mwisho, nyumba nzima inamalizia kwa mdomo. Mgeni mmoja kutoka Thika alifikiri santuri zetu ni tofauti, akataka abadilishiwe yake.

Asubuhi ya Krismasi, kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa, mlango wangu ukagongwa. Nilimkuta Waithira amevaa tayari, na kitu amekikunja mkononi.

"Nipe hiyo kitu ya Baba Kagwe," akasema.

Nikauvuta mkebe. Aliufungua hapo hapo sakafuni, akaitoa saksafoni kwa mikono miwili, akaitazama juu na chini. Halafu akakikunjua alichokuwa nacho. Ulikuwa mfuko alioushona mwenyewe, wa rangi ya buluu yenye maua madogo meupe, una kamba ya kufungia shingoni. Nilikijua kitambaa kile. Wiki mbili nzima nilikuwa nimemwona akikishona kwa mkono kibarazani, nguo za Krismasi za watoto wake wawili.

"Kipande ilibaki," akasema bila kunitazama.

Akaivalisha, akaifunga kamba, akaibeba kifuani mpaka nyumbani kwake. Nilisimama mlangoni nikachungulia. Macharia alikuwa ameketi kitandani akifunga viatu, na mbele yake walisimama watatu wenye nguo mpya za kitambaa kimoja: Kagwe, dada yake, na ile saksafoni mikononi mwa mama yao.