Tela pana kuliko njia ya nyumbani

Juzi, kwa fundi wa kuchomelea huku Themi, mkulima wa Akheri alikuja na mkewe kuchukua tela la kuvutwa na pikipiki yake ya matairi manne, mama apumzike kubeba ndizi kichwani. Fundi alikuwa ameliunda juu ya ekseli ya gari bila kuipunguza. Mama akanyoosha mikono kulipima, akamgeukia mumewe.

"Baba watoto, litapita wapi? Njia yetu ina masale ya mpaka huku na huku."

"Tutayang'oa."

"Masale aliyopanda marehemu baba yako akipatana na jirani? Majirani wakitususa, tutazikwa na nani?"

Mama akajifunga kanga upya.

"Basi likae barabarani, nitalipelekea ndizi kichwani."

Wajukuu zangu, siku hizi za ruksa ya biashara kila kitu kinafika Arusha. Kwetu hakifiki.